Ukanda wa Ngozi Kwenye Kitasa cha Boneti

Haya niliambiwa na Veronika Nyangwine mwenyewe, yule sajini wa upelelezi, Jumatatu ya Pasaka mwaka jana, alipokuja kwangu Nyamwaga kuchukua mbegu za mtama. Alinieleza taratibu, mwanzo mpaka mwisho, nami nayaweka hapa kama alivyonieleza.

Alhamisi ile saa mbili asubuhi Veronika alikuwa amechuchumaa mbele ya gari nyeupe iliyovutwa mpaka uwanja wa nyuma wa kituo, Tarime mjini. Ubavu wa kulia ulikuwa umebonyea mpaka kwenye kiti cha dereva. Kioo cha mbele hakikuwepo. Boneti ilikuwa imepindukia nyuma, imelala juu ya paa. Lakini pua ya gari ilikuwa nzima: taa, rejeta, na kile chuma cha kulala kinachobeba kitasa cha boneti.

Mwenye gari, Felix Nchagwa, alikufa Jumanne saa tano asubuhi, akirudi kutoka Mugumu, amebakiza kidogo afike kwao Nyamwaga. Boneti iliinuka gari ikiwa kwenye mwendo mkali, ikamziba macho, gari ikaingia korongoni. Wiki moja nyuma boneti hiyohiyo ilikuwa inatikisika kila akivuka themanini, na aliyeitengeneza ni Hamim Bushiri, fundi wa mtaa wa Bomani. Hamim alikamatwa Jumatano saa tisa alasiri.

Kilichomkamatisha ni ukanda. Askari wa barabarani aliukuta kwenye kitasa, kipande cha ngozi kama shubiri moja, kimekauka, kimejikunja, kimelowa oili mpaka kimekuwa cheusi. Upande mmoja kilikuwa na fundo kwenye kile chuma, upande wa pili kimekatika. Kila aliyekiona alisema jambo moja, kwamba fundi alikula hela ya mtu, boneti akaifunga kamba.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshamwambia Veronika asubuhi kwamba ikifika saa tisa, saa ishirini na nne zinatimia, fundi anapanda mahakamani, na jalada liwe mezani kwake. Na Waitara, kaka wa marehemu, alikuwa amesema wazi nje ya geti kwamba wakishamzika Felix kesho Ijumaa watashuka Bomani. Hakusema kufanya nini. Ndani ya nyumba ya fundi pale Bomani alikuwemo mke wake Kauthar na watoto watatu, mmoja bado ananyonya. Kwa hiyo mahakama ingesema lolote ingependa, nyumba ile ilikuwa na usiku mmoja tu.

Veronika alianza na fundi.

Hamim alitolewa mahabusu hana viatu, hana mkanda, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Babu yake alitoka Pwani, lakini yeye alizaliwa Tarime na Kikurya anakisikia. Veronika akamtaka aeleze kazi aliyoifanya, hatua kwa hatua. Akaeleza. Alikaza bawaba zote mbili. Alitoa kitasa cha zamani kwa sababu springi ililegea, akaweka kingine cha mtumba alichonunua Sirari. Halafu vile vipira viwili ambavyo boneti inalalia, alivipandisha kwa kuvizungusha. Alikata ukanda wa gazeti, akauweka juu ya kipira, akafunga boneti, akauvuta. Gazeti likichomoka bila kuchanika, boneti haijalala sawa, nayo itacheza. Alirudia mpaka likachanika pande zote mbili. Mwisho walikwenda na Felix mpaka barabara ya lami, wakapiga mia na kumi, na boneti ikatulia.

"Na ngozi?" Veronika akauliza.

"Afande, mimi sifungi boneti kwa ngozi. Hata kwa waya sifungi."

"Nani anashuhudia?"

Akafikiri. Akasema bolti zinashuhudia. Kila bolti akishaikaza huichora mstari wa rangi ya kucha ya mke wake, nusu juu ya bolti, nusu juu ya bati. Bolti ikigeuka hata kidogo, mstari unakatika.

Halafu akainamisha kichwa. Alisema usiku kucha amejiuliza, na sasa hata yeye hajui tena. Magari ni mengi, siku ile alikuwa na matatu. Akamwomba Veronika aandike kwamba yeye amekosa, atasaini hapohapo, ila watoto wasafirishwe leo waende Musoma kwa shangazi yao.

"Ukisaini umekwisha," Veronika akamwambia.

"Nisiposaini, wao ndio wamekwisha."

Veronika hakuandika. Alirudi kwenye gari na kitambaa chenye petroli, akafuta bolti moja moja. Mistari ilikuwepo, myekundu, na hakuna uliokatika, ile ya bawaba na ile ya kitasa pia. Kazi ya fundi ilikuwa imekaa palepale alipoiacha. Basi kikabaki kitasa chenyewe. Kitasa cha mtumba kinaweza kuwa kibovu na fundi asijue.

Akachukua bodaboda mpaka Sirari. Muuzaji aliitwa Simioni, ana banda la vyuma karibu na maajenti wa forodha, mpaka uko hatua chache tu, na maneno yake nusu ya huku nusu ya ng'ambo. Alipoona kitambulisho alianza kwa kulalamika kwamba polisi wa pande zote mbili wamemfanya shamba la familia. Veronika akamwomba kitasa kingine cha aina ileile. Simioni akakiweka mezani, akakifunga kwa shina la bisibisi, kama vile bisibisi ndiyo pete ya boneti. Veronika alivuta, akatikisa, akagonga na nyundo. Hakikufunguka.

"Madam, hii kitu haiwezi kujifungua," Simioni alisema. "Ni mpaka mtu avute huu mkia wa kebo. Na hata ukivuta, iko ndoano ya pili inashika boneti. Hiyo nayo ina ulimi wake, lazima uusukume kando."

"Zikivutwa zote mbili kwa pamoja?"

"Hapo boneti iko huru kama ng'ombe wa mjane. Lakini nani atakaa kwa pua ya gari avute zote, na gari inakimbia? Labda shetani, na shetani hana leseni."

Veronika hakucheka. Alimwomba afungue na kufunga tena mara mbili, yeye akitazama ule mkia na ule ulimi. Viliachana kwa upana wa vidole vitatu tu.

Saa tano alikuwa amerudi uwanjani. Safari hii alitazama mahali ambapo ngozi imepita, ngozi yenyewe akaiacha kwanza. Kwenye mkia wa kebo oili ilikuwa imefutika, pamebaki mstari mng'avu. Kwenye ulimi wa ndoano ya pili, mstari kama ule. Ukanda haukuwa umeifunga boneti hata kidogo. Ulizungushwa kwenye mkia, ukazungushwa kwenye ulimi, halafu ncha ikafungwa kwenye chuma, pembeni. Mtu anayezuia boneti isifunguke haziungi sehemu mbili zinazoifungua.

Akautoa ukanda kwenye bahasha ya kielelezo, akaulowesha petroli, akausugua kwa kidole gumba. Oili ikatoka. Chini yake kulikuwa na nywele, fupi na ngumu, nyeupe, na baka la kahawia kwenye ncha.

Ngozi ya mbuzi, yenye manyoya yake. Hakuna fundi gari anayeweka kitu cha namna hiyo gereji kwake. Veronika ni mtoto wa Nyamwaga. Anajua ni siku gani mtu anakata ukanda wa ngozi mbichi bila kunyoa manyoya, na anajua unavaliwa wapi.

Akaenda hospitali, chumba cha maiti. Hakumfunua Felix uso. Aliomba mkono wa kulia tu. Kwenye kidole cha kati ilikuwepo pete ya ngozi, nyeupe, na baka la kahawia. Ilikuwa imekauka na kubana mpaka nyama ya kidole imeingia ndani. Mhudumu alisema walijaribu kuivua ili wamkabidhi kaka yake, ikakataa.

"Ilipokuja ilikuwa hivihivi?" Veronika aliuliza.

"Hivihivi. Mbichi ingetoka. Ngozi ikikauka inarudi nyuma, unajua mwenyewe."

Alijua. Kila mtu anayewamba ngoma anajua. Ngozi unaiweka ikiwa imelowa, imelegea, na jua ndilo linaloikaza.

Pale nje ya geti la kituo walikuwa wamekaa wanawake wawili tangu alfajiri, kila mmoja upande wake. Kushoto Kauthar, mtoto mgongoni, bakuli la wali la mume wake halijafunguliwa. Kulia mama mzazi wa Felix, Gati, mwembamba, kanga ya msiba kichwani. Waitara alikuwa amesimama juu yake kama mlinzi. Alipomwona Veronika alimuuliza kama ameshamaliza kumtafutia yule Mswahili mlango wa kutokea.

"Wewe binti wa nyumbani," akasema. "Mura wetu, kijana wetu, amelala kwenye barafu, wewe unapanda bodaboda."

Veronika alimpita. Akapiga goti mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, Felix alichinjiwa mbuzi lini?"

Gati alijibu bila kusita. Jumanne, kabla jua halijatoka. Felix alikuwa amemweleza wiki nzima habari ya gari yake, kwamba ikikimbia inatetemeka hapa mbele. Alimwambia pia kwamba fundi ameshaiponya. Lakini yeye aliona kitu kinachotetemeka kina sababu yake. Mtoto akitetemeka unamchinjia, unamfunga ngozi mahali panapotetemeka, na mbuzi alikuwepo, yule mweupe mwenye baka. Felix alimcheka kidogo, halafu akamwinulia boneti, kwa sababu hakuwahi kumkatalia kitu. Alimvalisha mwanawe pete. Na gari akaifunga pale palipokuwa panatetemeka, kwenye kinywa chake.

Waitara hakuwa ameyasikia haya kabla. Yeye anakaa Mugumu, alikuja kwenye msiba tu. Akamuuliza mama yake mbona hakusema.

"Walimuuliza fundi alifunga nini," Gati alisema. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Hapo Veronika angeweza kusimama na kwenda kuandika. Lakini maneno ya mama hayakutosha. Mkuu wa kituo angesema ni hadithi, na Waitara angesema mama amechanganyikiwa kwa uchungu. Ilitakiwa kitasa chenyewe kiseme. Na fundo la namna ile yeye hakujua kulifunga, walijua wazee tu.

"Mama, twende unionyeshe ulivyofunga," akasema.

Aliniambia hiyo sentensi moja ndiyo iliyomgharimu kuliko kazi zake zote, kwa sababu yeye alikuwa anajua kinachokuja, na mama hakujua.

Machinjioni walimpa kipande cha ngozi ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi ileile. Hamim alitolewa na pingu, akaambiwa ajaze maji kwenye rejeta na aiwashe gari. Iliwaka mara ya nne, inakohoa. Veronika akaingiza shina la bisibisi kwenye kitasa, mahali pa pete ya boneti, kikafunga, tak. Ndoano ya pili nayo ikasimama mahali pake. Mkuu wa kituo alikuja na saa yake. Waitara na vijana wawili wa ukoo waliruhusiwa kusimama ukutani, bila fimbo.

Gati alikata ukanda kwa kisu cha askari. Akauzungusha kwenye mkia wa kebo, kwa sababu ulikuwa umejitokeza na unashikika. Akauzungusha kwenye ulimi wa ndoano. Akafunga kwenye chuma. Midomo yake ilikuwa inasema yale maneno ya kumwombea mwanawe aliyoyasema Jumanne, polepole. Ukanda ulikaa umelegea, mtu angeweza kupitisha kidole chini yake. Kipande kilichobaki alikishika mkononi.

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Felix alikuwa ametoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu akafa saa tano. Hapa walikuwa na saa mbili na dakika arobaini.

Wakasubiri. Feni ya rejeta ilizunguka na kusimama, ikazunguka na kusimama. Saa saba ukanda ulikuwa umeanza kung'aa pembeni. Saa nane kidole hakikupita tena chini yake, lakini mkia wa kebo haukusogea. Hamim alikuwa amekaa chini, hatazami. Kauthar aliruhusiwa kusogea mpaka kwenye kona ya jengo, na kila Waitara alipogeuka, alimvuta mtoto kifuani.

Saa nane na nusu gari ikazimika yenyewe. Mafuta yalikuwa yamekwisha.

Waitara akacheka, kicheko kibaya. Akamwambia Veronika kwamba serikali imekausha ngozi mpaka petroli imekwisha, sasa ichukue kuni. Mkuu wa kituo akatazama saa, akamwita askari mwenye funguo, akasema fundi avae viatu. Hamim akasimama. Alimuuliza Veronika kwa sauti ndogo kama bado ile karatasi ya kusaini ipo.

"Afande, naomba mpaka saa tisa kamili," Veronika akamwambia mkuu wake.

"Gari imezimika, Sajini."

"Rejeta haijapoa."

Na kweli. Feni ilikuwa imesimama, upepo hakuna, na joto lote la injini sasa lilikuwa linapanda juu, linapita palepale penye ukanda. Veronika aliinama. Ngozi ilianza kutoa sauti ndogo, kama ukuni mbichi motoni. Mkia wa kebo ukasogea unene wa ukucha. Ulimi wa ndoano nao ukainama kando.

Saa tisa kasoro dakika saba kitasa kikalia, tak. Bisibisi ikaruka juu, ikaanguka kwenye saruji.

Mkuu wa kituo aliiokota bisibisi, akajaribu kuirudisha mahali pake. Kitasa kilikataa kufunga, ngozi ilikuwa imekishikilia wazi. Alijaribu mara tatu. Kisha akamwambia askari mwenye funguo amfungue fundi pingu, na akamwambia Veronika alete jalada asaini yeye mwenyewe.

Gati alikuwa bado ameinama juu ya kile chuma. Alinyoosha kidole akagusa ukanda, ulikuwa mgumu kama mti.

"Ni mimi," akasema. "Nilikaza mimi. Nilikaza ili kisitokee kitu."

Waitara alikuja akamshika mabega, akaondolewa mkono. Mama akamtafuta Hamim kwa macho, akamwendea.

"Fundi. Ungekuwepo pale, ungenikataza?"

Hamim alikuwa anasugua vifundo vya mikono palipokuwa na pingu.

"Nisingekukataza, mama. Ningekuomba ufunge kwenye usukani."

Gati akatikisa kichwa polepole. Akarudia neno hilo, usukani, kama mtu anayepima umbali. Kisha akamgeukia Waitara na kumwambia kwa Kikurya, na Veronika alisikia vizuri, kwamba atakayeshuka Bomani kesho, aanze na yeye aliyefunga ngozi. Waitara aliinamisha macho. Wale vijana wawili walitoka getini bila kuaga.

Kauthar alimchukua mume wake. Baada ya muda mtoto wa jirani yao alileta salamu kituoni kwamba fundi amefika, amekaa kwenye mkeka anywe chai, na amelala na kikombe mkononi kabla hajamaliza. Mke naye amelala hapohapo, watoto wamemlalia.

Waitara alisinzia kwenye benchi la nje, mgongo ukutani, mdomo wazi kama mtoto.

Gati alibaki ofisini kwa Veronika. Alikuwa hajafumba jicho tangu Jumanne. Aliomba afungiwe. Alisema nafasi ya fundi iko wazi, na mtu hawezi kuua halafu akaenda nyumbani kupika. Veronika alimweleza kwamba ataandika alichokiona, mwanasheria wa serikali atasoma, na kwamba haamini kama kuna sheria inayomfunga mtu kwa kumwombea mwanawe. Mama alisema basi sheria hiyo ina kasoro.

Veronika alitandika sweta lake kwenye benchi. Mama akakataa. Akakaa. Jua liliingia dirishani mpaka miguuni pake. Baadaye kidogo akajilaza ubavu, kwa kujiiba, kama anayejaribu tu.

"Kesho tunamzika saa nne," akasema. "Usiniache nilale ikapita."

"Nitakuamsha, mama."

"Na ile pete ya kidoleni muiache. Ilikuwa mahali pake."

Veronika akamwambia itaachwa. Mkono wa Gati ulikuwa umening'inia nje ya benchi, na kile kipande cha ngozi kilichobaki kilikuwa kimekaukia kwenye kiganja, kimechukua umbo la vidole vyake. Kikaanguka chini, na mama hakusikia.